Kabla ya Kuchora, Uliza Kwanza

  Mvua inanyesha karibu kila mchana, barabara imeharibika tena, lakini masomo yanaendelea, na kwa hiyo tunamshukuru Mungu.

Katika gazeti lililopita wenzetu waliandika juu ya usafi wa vyumba na juu ya kwaya. Leo zamu ni yetu, na tumechagua kuandika juu ya fonksioni na grafiki zake. Tunajua kwamba wengi watageuza ukurasa wakisikia neno hilo. Ninyi wa madarasa ya chini munasemaka, "Ile ni mambo ya bafinalisti." Tafadhali musigeuze. Tumejaribu kuandika kwa lugha ambayo kila mtu anaweza kufuata. Tena, ndani ya habari hii kuna kosa letu sisi wenyewe, sisi tunaoandika ambao ni kapiteni wa shule, pamoja na darasa zima. Tunataka mulijue kosa hilo kusudi musilirudie.

Mambo yalianza hivi. Siku moja asubuhi, kisha maombi, mwalimu wa hesabu aliingia akaandika kwenye ubao fonksioni hii:

f(x) = (x² – 3x + 6) / (x – 1)

Akauliza, "Nani atakuja kuchora grafiki yake?" Hakuna mkono ulioinuka. Tuliinamisha macho kwenye kaye kama watu wanaotafuta kitu kilichopotea. Basi mwalimu akamwita ndugu mmoja wa benchi ya nyuma, ambaye jina lake hatutaandika. Ndugu huyo alikuwa amekosa shule wiki mbili, na siku ile ndiyo ilikuwa ya kwanza kurudi. Wote tulijua alikotoka: alikuwa kwenye kareri za koltani upande wa Rubaya. Udongo ulikuwa ungali katika kucha zake.

Alichukua chaki, akafanya yale tuliyozoea sisi wote tangu miaka ya chini. Alichagua namba kadhaa za x, akahesabu y ya kila moja, akaziweka katika tablo. Kwa x = –3 alipata –6. Kwa –1 alipata –5. Kwa 0 alipata –6. Kwa 2 alipata 4. Kwa 3 alipata 3. Kwa 5 alipata 4. Tumezirudilia hesabu zile baadaye, na hakuna hata moja iliyokosa. Kisha akatia alama sita kwenye ubao, akachukua rula ndefu ya mbao, akaziunganisha zote kutoka kushoto mpaka kuume bila kuinua chaki.

Mwalimu alinyamaza. Halafu mmoja wetu akapaza sauti, "Anapita juu ya moja! Anapita juu ya moja!" Na darasa zima likacheka. Sisi kapiteni, ambao kazi yetu ni kunyamazisha wenzetu, tulicheka kuliko wote. Tena tukaongeza neno baya. Tulisema, "Ule anachoraka na beleshi." Kicheko kikaongezeka.

Ndugu yetu aliweka chaki pale chini ya ubao, polepole, akarudi kwa nafasi yake. Kesho yake hakuja. Wiki iliyofuata hakuja. Nasi, kila asubuhi, tuliandika jina lake katika kaye ya watoro, tukatia alama, tukapeleka kwa direkta wa nidhamu. Hatukuuliza neno.

Sasa tueleze kosa la grafiki ile, kwa maana wengi walicheka bila kujua wanacheka nini.

Fonksioni ni nini? Ni sheria. Unaipa namba moja, inakurudishia namba moja tu. Ni kama mashine ya kusaga pale sokoni: unatia mahindi juu, unga unatoka chini. Lakini mashine haikubali kila kitu. Ukitia jiwe, inavunjika. Kwa fonksioni yetu, jiwe ni namba 1. Weka 1 pahali pa x, chini utapata 1 – 1, yaani zero, na hakuna awezaye kugawanya kwa zero. Ukiwa na viazi vinne na watu wawili, kila mtu anapata viwili. Ukiwa na viazi vinne na hakuna mtu, swali lenyewe halina jibu.

Kwa hiyo pale x = 1 hakuna alama kabisa. Hakuna njia ya kupita. Ndugu yetu alitoka kwenye alama ya (0, –6) mpaka kwenye alama ya (2, 4) kwa mstari mmoja, kana kwamba kuna daraja kati yao. Mstari wake ulikata akse ya x pale x = 1,2. Yaani mstari ulisema kwamba f(1,2) ni zero. Lakini hesabu wewe mwenyewe: f(1,2) ni 19,2. Mstari ulionekana mzuri, na ulikuwa unasema uongo.

Wiki ile ile mwalimu alitupa interogasio juu ya jambo hilo. Fonksioni ilikuwa nyingine, lakini ya ukoo uleule. Kati yetu 34, ni 5 tu waliochora sawasawa. Wengine wote walipita juu ya ukuta kama ndugu yetu alivyofanya. Sisi kapiteni tulipata 3 juu ya 10. Mwalimu alipogawa karatasi alisema neno moja tu: "Mulicheka kwa sababu mulisikia mwenzenu anacheka. Hakuna mwenye alijua." Kisha akafuta ubao, akaanza upya.

Tangu siku ile alitufundisha kwamba kuchora ni kazi ya mwisho. Kwanza ni kuuliza. Alitupa maswali sita, na tunayaandika hapa kwa faida ya wote. Ukurasa huu hauwezi kubeba grafiki vizuri, wino unatawanyika. Kwa hiyo chukueni kaye na kalamu mufuate pamoja nasi.

Swali la kwanza: Inakaa wapi? Yaani namba gani inakubali, na gani inakataa. Wenye kitabu wanaita hilo domeni. Fonksioni yetu inakubali namba zote isipokuwa 1. Basi chora kwa vidoti mstari uliosimama wima pale x = 1. Huo ni ukuta.

Swali la pili: Karibu na ukuta inafanya nini? Usiguse ukuta, lakini usogee. Kwa x = 0,9 tunapata –41,1. Kwa 0,99 tunapata –401,01. Inatumbukia chini bila mwisho. Ukija kwa upande wa kuume, kwa x = 1,1 tunapata 39,1, na kwa 1,01 tunapata 399,01. Inaruka juu bila mwisho. Ukuta kama huo, ambao grafiki inaukaribia siku zote bila kuufikia, unaitwa asimptoti.

Swali la tatu: Mbali sana inaelekea wapi? Hapa tunagawanya ya juu kwa ya chini, kama tulivyofundishwa kugawanya katika primeri, na tunaona kwamba f(x) = x – 2 + 4/(x – 1). Ukienda mbali, kile kipande cha mwisho kinakuwa kidogo sana. Kwa x = 101, f ni 99,04. Kwa x = 1001, f ni 999,004. Kwa hiyo inafuatana na mstari y = x – 2, inausogelea, lakini haiufikii hata siku moja. Hiyo ni asimptoti ya pili, nayo imelala upande. Ichore pia kwa vidoti.

Swali la nne: Inakata akse pahali gani? Akse ya y inaikata pale –6. Akse ya x haiikati popote, maana x² – 3x + 6 haina mzizi. Delta yake ni 9 – 24, yaani –15. Tazameni: swali hili moja tu lingetosha kutuonyesha kwamba mstari wa ndugu yetu, uliokata akse ya x, hauwezi kuwa kweli.

Swali la tano: Inapanda wapi, inashuka wapi? Kwa kazi hii tunatumia derive. Ninyi wadogo zetu musiogope neno hilo. Derive ni kipimo cha ukali wa mlima. Unapopanda, ni zaidi ya zero. Unapotelemka, ni chini ya zero. Pahali ambapo mguu unasimama sawa kabisa, ni zero. Derive ya fonksioni yetu ni 1 – 4/(x – 1)². Inakuwa zero pale x = –1 na pale x = 3. Basi grafiki inapanda mpaka (–1, –5), inashuka mpaka ukutani. Ng'ambo ya ukuta inatoka juu sana, inashuka mpaka (3, 3), kisha inapanda tena.

Swali la sita: Alama gani zitatusaidia? Sasa ndipo alama zile sita za ndugu yetu zinaingia kazini, na zote ni nzuri. Zitie, kisha chora vipande viwili: kimoja kushoto kwa ukuta, kingine kuume. Mkono lazima uinuke.

Hapo tuliona jambo lililotushangaza. Kilele cha kushoto kina urefu wa –5, na bonde la kuume lina urefu wa 3. Bonde liko juu kuliko kilele! Mmoja wetu alisema kwamba lazima kuna kosa. Mwalimu akatuuliza, "Ziwa Kivu ni mlima ao ni bonde?" Tukajibu, ni bonde, maana maji yote ya milima hii yanatelemka kwake. Akasema, "Maji yake yako karibu metre 1.460 juu ya bahari. Na mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza, unaoitwa Ben Nevis, unafika metre 1.345." Basi tukaelewa. Kilele ni kilele kati ya majirani zake tu, na bonde ni bonde kati ya majirani zake tu. Anayetembea Masisi na magunia ya viazi mgongoni anajua kwamba hata chini kwetu ni juu.

Tuseme kidogo pia mambo haya yalitoka wapi, maana wengine wanafikiri hesabu ni kitu cha wazungu kilichoshuka na ndege. Mwaka 1950 Mbeljiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya mkoa wetu huu wa Kivu Kaskazini, mfupa mdogo wenye mikato mingi iliyopangwa kwa mafungu. Mfupa ule una miaka karibu 20.000, na leo unatunzwa Brussels. Katika mstari mmoja wa mikato kuna mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Wataalamu wanabishana mpaka leo juu ya maana yake, lakini wengine wanafikiri mtu aliyeikata alikuwa anahesabu kitu.

Njia ya kuweka alama kwa namba mbili, moja ya kulala na moja ya kusimama, ilienea kisha Mfaransa René Descartes kutoa kitabu chake La Géométrie mwaka 1637. Na ile alama f(x) tunayoandika kila siku ilitumiwa na Leonhard Euler mwaka 1734. Euler alikuwa Mswisi, mtoto wa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti. Jicho lake la kuume lilipofuka angali kijana, na tangu karibu mwaka 1766 hakuona tena vizuri hata kwa lile la pili. Lakini hakuacha kazi. Aliendelea kuhesabu kwa kichwa na wengine wakamwandikia, mpaka kufa kwake mwaka 1783. Tulipoambiwa habari hiyo tulinyamaza. Mtu asiyeona ubao alijua mwendo wa fonksioni kuliko sisi wenye macho mawili, kwa sababu yeye alikuwa anauliza.

Sasa turudi kwa ndugu yetu.

Kisha kupata 3 juu ya 10 tulikaa na haya. Jumamosi moja tulikubaliana, sisi kapiteni na wenzetu wawili, kwenda kwao. Tulipanda kwa miguu katika utelezi, tukamkuta mama yake anachambua maharagi mbele ya nyumba. Nyumba yenyewe si yao. Walikimbia vita, walifika hapa wakapewa chumba na watu wa kanisa. Tulisalimia, "Jambo, Mama." Akasema, "Jambo, batoto. Karibuni. Muko banafunzi?" Tukasema ndiyo. Akatutazama kwa muda, halafu akauliza, "Njo nyinyi bale mulimuchekaka?"

Hatukujua tujibu nini. Mmoja wetu alisema, "Njo sisi, Mama. Tumekuya kuomba musamaha." Mama akaingia ndani, akatuletea viazi vya kuchemsha juu ya sahani. Akasema tungoje, maana mtoto anarudi jioni.

Alirudi jua likizama, pamoja na vijana wengine wawili, nguo zote udongo. Alituona akasimama. "Munakuya kunicheka tena?" Tukamwambia hapana, tukamwonyesha karatasi zetu za interogasio zenye alama nyekundu. Aliziangalia moja moja. Alipofika kwa ile 3 ya kapiteni, yeye ndiye aliyecheka, na sisi tukacheka pamoja naye, na kicheko hicho kilikuwa kizuri.

Tukaanza kumweleza asimptoti, kwa majivuno kidogo, kama watu waliojifunza jana. Tulisema ni kitu unachokaribia bila kufikia. Akatukatiza. Alisema, "Ile niko naijua. Ngojeni." Akachukua kijiti, akaandika chini katika udongo. Akaeleza kwamba maji yanapojaa katika shimo, wanakodi pompi. Kwa mfano pompi ni dola 30 kwa siku, na chakula cha kila mtu ni dola 2. "Tukiwa batano, kila mutu analipa munane. Tukiwa kumi, analipa tano. Kumi na tano, analipa ine. Makumi tatu, analipa tatu. Lakini hata tukuwe elfu moja, haitafikaka mbili. Itakaribia tu, juu kila mutu lazima akule. Na kama hakuna mutu, hakuna mwenye atalipa pompi. Pale njo kuko ukuta."

Tukatazamana. Alikuwa amechora mbele yetu fonksioni 2 + 30/x, na asimptoti zake mbili, moja ya kulala na moja ya kusimama, bila kitabu. Tukamwuliza, "Sasa juu ya nini ile siku ulipita juu ya moja?" Akajibu, "Juu sikukuwako siku mwalimu alifundisha. Nilifanya vile tulifanyaka zamani. Mungeniambia, ningeinua mukono."

Ndugu wanafunzi, neno hilo lilituchoma. Sisi tulikuwa na alama mbili tu juu ya mtu huyu: ya kwanza, amekosa shule wiki mbili, ya pili, amechora vibaya. Tukachukua alama zile mbili, tukazipitishia rula, tukasema: huyu ni mjinga, huyu ni mtoro. Hatukuuliza anaishi wapi. Hatukuuliza amesimama karibu na ukuta gani. Katika Biblia tunasoma jinsi Samweli alivyofika katika nyumba ya Yese kumtafuta mfalme, akaona urefu na sura ya Eliabu, akafikiri ndiye. Alikosea, naye alikuwa nabii. Je, si zaidi sisi?

Basi tukamwuliza lile tulilopaswa kuuliza tangu mwanzo: kwa nini uliacha? Tulifikiri atasema ni kicheko chetu. Alisema kicheko kilimwumiza, lakini hakikumfukuza. Kilichomfukuza ni minervali na makuta ya egzameni ya Leta. Tangu mwaka 2019 wadogo zake wa primeri wanasoma bila kulipa, lakini sekondari bado tunalipa. Baba yao hayuko. Kule kareri anapata kitu kila wiki, wakati mwingine hapati. Madini yale, wanasema, yanatolewa tantali inayowekwa ndani ya simu za dunia nzima. Lakini yeye hana simu. Alisema pia anaogopa. Wakati wa mvua udongo unalegea, na kila mtu hapa Kibabi anajua nyumba ambayo ilingojea mtu jioni na hakurudi. "Kila siku naingia, nasema leo tu," alisema.

Tuliporudi tulimweleza mwalimu. Hakutuhubiri. Alisema ndugu yetu aje kwake Jumamosi kisha saa nane, naye atarudilia masomo yote aliyokosa. Na sisi darasa tulikaa tukaamua jambo. Jumamosi mbili tulikwenda kuchimbua viazi katika shamba la mzee mmoja, wavulana na wasichana wote, wafinalisti 33. Malipo hatukugawana. Tuliyaweka pamoja, tukapeleka kwa ofisi ya shule kwa jina la ndugu yetu. Hayakutosha. Yalifika karibu nusu ya deni. Shule imempa ruhusa aingie darasani wakati tunapotafuta nusu nyingine, na jina lake limeandikwa katika orodha ya egzameni, lakini mpaka tunapoandika maneno haya hatuna hakika kama atakaa pamoja nasi siku zile nne. Tunaomba. Na Jumamosi inayokuja tunarudi shambani.

Alirudi darasani siku ya pili ya wiki iliyopita. Mwalimu aliandika fonksioni mpya, akauliza nani atakuja. Yeye aliinuka mwenyewe. Alichora kwanza ukuta kwa vidoti. Alichora mstari wa upande kwa vidoti. Alitafuta derive, akafanya tablo ya mwendo. Kisha akachora kipande cha kushoto, akafika karibu na ukuta, akainua mkono juu sana ili wote waone, akageuka kututazama. Halafu akaushusha ng'ambo. Hakuna aliyecheka, ila yeye.

Ninyi wadogo zetu, ambao hamujafika kwa derive, jaribuni hii kwanza. Munayo kamba ya metre 40, nanyi mwataka kuzungushia bustani ya mboga kando ya kijito. Upande wa kijito hauhitaji kamba, kwa hiyo kamba inafunika pande tatu tu. Ukiupa upande unaotoka majini metre 5, bustani inapata metre za mraba 150. Ukiupa 15, inapata 150 tena. Basi usiunganishe alama hizo mbili kwa rula ukasema kwamba katikati ni 150 vilevile! Uliza: katikati kuna nini? Upe 10, uhesabu. Utaona kilele.

Na ninyi wenzetu wa mwaka wa tatu, munaotufuata, chukueni hii: f(x) = (x² + 3) / (x – 1). Mujibu maswali sita yote kabla ya kugusa rula. Mwenye kutuletea grafiki safi tutaandika jina la darasa lake katika gazeti linalokuja, pamoja na jibu.

Kwa sisi wafinalisti, siku zimebaki chache. Katika egzameni ya Leta majibu yameandikwa tayari, unachagua tu, na kati yake lipo siku zote jibu la yule aliyeunganisha alama bila kuuliza. Linaonekana zuri. Tuangalie sana.

Na katika mambo mengine yote ya shule hii: mwenzako akikosa kuja, usimwandike tu. Nenda kwao. Kuanzia sasa, sisi kapiteni tumeomba kwa direkta wa nidhamu, naye amekubali, kwamba jina likifika mara tatu katika kaye ya watoro, wanafunzi wawili watakwenda nyumbani kuuliza kabla ya azabu yoyote. Wanaotaka kuingia katika kazi hiyo watuone kisha ibada ya siku ya tano.

Mungu awabariki wote.

Ni sisi, kapiteni wa shule, kwa niaba ya wafinalisti, Kibabi.